Shukrani Tatu za Kila Asubuhi

“Leo umeshukuru nini?” Mpiga pasi alikuwa ameshainama juu ya bega la Matundu, kalamu sikioni, daftari mkononi. “Fanya haraka, dada, kengele hiyo inakuja.”

“Andika vyako, bwana. Huna hata kimoja?”

“Ninavyo tele, ila havipendezi kama vyako.”

Matundu alicheka, akasogeza daftari ili mwenzake aone vizuri. Jina hilo alibandikwa hapohapo kiwandani, kwa sababu kwa miaka kumi na mmoja alikuwa na kazi moja tu, kutoboa matundu ya vifungo vya mashati na kuyazungushia uzi. Saba kifuani, mawili mikononi. Tundu la tisa likiisha, shati linaondoka na jingine linakuja, na hajawahi hata siku moja kuliona shati lake mwilini mwa mtu.

Madaftari yaliletwa na afisa wa ustawi wa wafanyakazi, mama mmoja mchangamfu ambaye hata wiki haikupita kabla hajabatizwa Bi Furaha. Alisema furaha ni mazoea, kama kupiga mswaki. Basi kila asubuhi, mashine zikiwa bado hazijawashwa, kila mtu aandike mambo matatu anayoyashukuru. Kila Ijumaa aliyakusanya madaftari yote na kuyasoma kweli, maana hakuwa mtu wa mzaha, na aliyeandika vizuri alichorewa jua dogo jekundu pembeni.

Mwanzoni Matundu aliandika kwa sababu hakuna namna. Baadaye akagundua kwamba ana kipaji. “Nashukuru kwa kiti changu, kimeshauzoea mgongo wangu.” “Nashukuru kwa kelele za mashine, zinanifukuzia mawazo.” Maneno yalimjia bila kuyaita, na safu nzima ikaanza kunakili. Mpiga pasi, ambaye akinakili huwa anaacha kichwa nyumbani, aliwahi kushukuru kwa afya njema ya baba yake, na baba huyo alimzika mwenyewe miaka minne iliyopita. Bi Furaha alimchorea jua, akaongeza kwa chini: “Msalimie sana mzee.” Watu walicheka mpaka msimamizi akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Baba yule wa daftarini alikuwa wa Matundu. Kwa miaka thelathini na sita aliendesha malori ya safari ndefu, na sasa kichwa chake kilikuwa kimechoka kukumbuka. Mwaka uliopita alipotea siku mbili. Walimkuta kwenye maegesho ya malori, amekaa nyuma ya usukani wa lori la watu, anagombana na mwenye lori aliyemtaka ashuke. Tangu siku ile, kila asubuhi saa kumi na mbili Matundu humwekea chai kwenye chupa, chakula kwenye bakuli lenye mfuniko na ndoo pembeni, kisha hutoka na kufunga mlango kwa nje. Hurudi saa kumi na mbili jioni. Mzee wa watu anashinda kafungiwa ndani kama kuku, na anayemfungia ni mtoto wake wa kumzaa. Kaka yake Matundu yuko mbali. Hupiga simu kuuliza hali na kuaga kabla hajajibiwa. Wa kumwachia hakuwepo, na wa kumwambia hakumtafuta, kwa kuwa aibu ilimkaba. Daftarini aliandika: “Nashukuru baba yuko salama nyumbani.”

Sasa ilikuwa imetokea nafasi kwenye chumba cha kukata vitambaa. Wakataji hutoka saa nane mchana. Mtu akitoka saa nane, saa tisa yuko kwake, na jua bado liko juu. Angemvalisha baba viatu, wakazunguka mtaa mzima taratibu, mzee akapata upepo. Matundu aliiandika barua ya kuomba mara tatu ndipo akairidhia. Na asubuhi hiyo, mpiga pasi akiwa bado ananakili, aliitwa ofisini kupewa jibu.

“Karibu, dada yangu, kaa.” Bi Furaha alikuwa na barua mbele yake, na pembeni madaftari mawili, moja limejaa na jingine liko katikati. “Barua nimeisoma. Halafu nikasema ngoja nirudie daftari zako. Mimi huyu, nikatokwa na machozi!” Alifungua mahali alipokuwa ameweka alama. “‘Nashukuru kwa nafasi yangu hapa dirishani, sitamani nyingine.’ Hii ni ya mwezi uliopita. Sasa niambie, mtu anayeipenda kazi yake namna hii, namng’oaje?”

Bi Furaha aliisukuma barua pembeni.

“Nafasi tumempa yule binti anayeshona kola. Yule kila siku anaandika neno moja: ‘Sina.’ Anahitaji mabadiliko, maskini. Wewe umeshafika, dada. Wenzako ndio wanapatafuta ulipofika.”

“Si kweli.”

“Nini si kweli?”

“Niliyoyaandika. Kile kiti sikipendi. Dirisha lenyewe limepakwa rangi, halionyeshi nje.” “Nina mzee nyumbani. Yeye…” Mtu anaanzaje kulisema? Aliwaona majirani wakisimama mlangoni, mikono viunoni. Aliwaona watu wa serikali wakija na fomu zao. “Nina mzee nyumbani, nataka niwe nawahi.”

“‘Nashukuru baba yuko salama nyumbani,’” Bi Furaha alisoma, akatabasamu kwa upole. Upole wenyewe ulikuwa wa kweli, na ndio uliouma. Angekuwa katili, Matundu angepata wa kumchukia. “Hii imo humu karibu kila wiki. Umechoka tu leo, inatokea. Siku moja isikuharibie mazoea mazuri.”

Kisha akamwomba asimame karibu na ukuta ampige picha, ibandikwe pale mlangoni, wengine waone mfano. Aliinua simu. “Haya, cheka kidogo.” Matundu akacheka. Uso ulikwenda wenyewe, bila kumwuliza.

“Vipi, umepata?” mpiga pasi alimwuliza aliporudi.

“Nimepigwa picha.”

“Ya nini?”

Matundu aliwasha mashine. Mchana kutwa alifanya kazi asijue mikono inafanya nini, na ilipofika saa tisa alikuwa ametoboa mashati manne upande wa kushoto na wa kulia pia, mashati yenye matundu pande zote mbili na pasipo mahali pa kushonea vifungo. Mpiga pasi aliyaona kwanza. Aliyakunja, akayasukuma chini ya meza yake, akaendelea kunyoosha.

Saa kumi na mbili jioni Matundu alisimama mbele ya mlango wa chumba chao. Ndani kulikuwa kimya. Alifungua mlango.

Baba alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, ameelekea mlangoni, mikono miwili mbele yake kwenye usukani usioonekana. Chakula hakukigusa. Mwanga ulipoingia alikunja uso.

“Wewe, utingo,” alisema. “Wamefungua kizuizi?”

Aliuliza hivyo kila jioni, akimdhania mtoto wake kuwa msaidizi wake wa lorini. Na kila jioni Matundu alimjibu, “Wamefungua, bosi,” mzee akaitikia kwa kichwa, akakubali kuoga na kula. Lilikuwa jibu zuri. Lilifanya kazi.

“Wamefungua?” mzee alirudia.

Matundu alibaki kizingitini na mkoba wake begani.

“Bado, baba,” alisema. “Nimewaomba. Wamekataa.”

Matundu alingoja mzee apandishe hasira, apige kelele, ajaribu kutoka. Lakini mzee alishusha pumzi kama mtu aliyekwisha kukutana na mambo hayo mara nyingi barabarani. Aliiondoa mikono kwenye usukani, akajisogeza pembeni kidogo, akapiga shuka kwa kiganja.

“Basi kaa,” alisema. “Usisimame hapo peke yako.”

Matundu aliuacha mlango wazi nyuma yake. Akavua viatu, akaenda kukaa upande wa utingo, na wote wawili wakatazama mbele.