Shahidi wa Kosele

Juni 1994, siku moja kabla ya kesi yake Migori, dereva Elijah Ogweno alimwendea Filister nyumbani kwake Kosele. Mwezi uliotangulia alikuwa akilisafirisha jeneza la mume wa Filister pikapu yake ilipomgonga mwendesha baiskeli. Mtu huyo aliinuka, akaliona jeneza, akawaambia waende wakazike. Wakaenda. Siku ya tatu akafa, na Elijah akashtakiwa kwa kutoroka mahali pa ajali. Maneno yale aliyasikia Filister tu, aliyeketi mbele pamoja naye.

“Mama, dakika tano tu mbele ya hakimu.”

“Bado sijafanyiwa tambiko la kutolewa ujane. Nikienda kwa watu sasa, nitawapelekea kifo.”

“Kortini si kwa mtu.”

“Kumejaa watu. Wewe ni Mjaluo, usijifanye mgeni.”

“Basi tuandike barua.”

“Hakimu ataihoji barua?”

Elijah alipiga magoti. “Nitafungwa, mama.”

“Najua, mwanangu.” Filister alikuwa akilia. “Shemeji zangu wamepanga kunitoa ujane Desemba.”

Kesho yake hakimu aliuliza kama mshtakiwa ana shahidi. Elijah alijibu kwamba yupo, ila hawezi kuja kabla ya Desemba.