Siku Waliyotaka Kumnyoa Mwanamvua

Watu wanne walimshika Mwanamvua mchana kweupe, uani kwake Nachingwea, na bado hawakutosha. Bibi wa miaka sabini na mbili, kipofu, mwembamba, lakini alimng'ata mmoja kidole mpaka meno yakagusa mfupa, akampiga mwingine teke la tumbo lililomkalisha chini. Wakamtukana. Naye akawatukana kwa Kimwera na kwa Kiswahili, kila mmoja na mama yake, akiwataja kwa majina, maana sauti zote alizijua. Walikuwa majirani zake.

Kisa chenyewe kilikuwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, mwaka wa tatu huo, mboni zimekuwa nyeupe kama tui, na pale mtaani mzee mwenye macho ya namna hiyo haachwi akazeeka kwa amani. Mwezi ule watoto wawili walikufa kwa homa, nyumba zimepakana. Badala ya kuulizana habari za vyandarua, watu wazima na akili zao wakaanza kumtupia jicho kikongwe anayebangua korosho kibarazani kwa kupapasa. Wakamleta fundi kutoka mbali, Harithi jina lake, mnyoaji wa wachawi. Huku kusini mambo haya si mageni: mtu ananyolewa kichwa, anachanjwa chale, anapakwa dawa, basi, uchawi wake umekwisha. Na kwa kuwa uchawi wa Mwanamvua ulikuwa machoni, alisema Harithi, chale zake zitapigwa juu ya nyusi na kwenye kope.

Nywele angewapa. Nywele zinaota. Alichokataa ni chale, na alikuwa na sababu yake. Wiki iliyopita wauguzi walipita Nachingwea kupima macho ya wazee wasio na uwezo, wakampa kadi ya kupasuliwa bure kule Ruangwa, ambako madaktari wa macho walikuwa wamepiga kambi. Muuguzi alimwambia mara mbili kwamba asije na kidonda karibu na jicho, atarudishwa nyumbani. Na madaktari walikuwa wanaondoka keshokutwa. Kambi kama ile ilikuwa haijaonekana tangu marehemu mumewe akiwa hai. Wembe ukigusa nyusi zake leo, Mwanamvua atakufa bila kuona tena, na hilo alilijua vizuri kuliko wote waliomshika.

Aliyemuuma roho kuliko wote ni Rashidy. Mwanawe wa pekee, mwanamume wa miaka arobaini, mpuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho ya watu, ndiye aliyekuwa amembana mikono kwa nyuma. Majirani walimtisha kwamba mama yake asiponyolewa watachoma nyumba naye akiwa ndani, na Rashidy akaogopa, mjinga wa watu. Alikuwa anamnong'oneza atulie, yataisha upesi. Mwanamvua akageuza shingo akamtemea mate.

Harithi akaanza upande wa kushoto, wembe mkavu, bila maji wala huruma, akamkwangua na ngozi yake mpaka damu ikamchuruzika shingoni. Nusu ya kichwa ilipokwisha akaona inatosha kwanza. Akamshika paji la uso kwa kiganja kinachonuka ugoro, akamwinua uso juu.

"Rashidy," Mwanamvua akasema, na safari hii hakupiga kelele. "Akinichanja hapa, daktari hanipokei. Utanishika mkono kunipeleka chooni mpaka siku unanizika."

Mikono ile ikamwachia. Akaanguka kifudifudi, akajivuta kwa magoti, watu wanakanyagana juu yake, mtu anapiga ukelele, mwingine anagongwa kwenye mabati ya uzio. Akapapasa mpaka akafika kwenye kinu alimokuwa akitwanga mihogo tangu asubuhi. Mchi ulikuwa pale pale. Akasikia miguu ya mtu mmoja inamjia mbio, pumzi zake zimekaribia kabisa. Mwanamvua akainuka, akauzungusha mchi kwa nguvu zote alizobakiza duniani.

Ukampata mtu usoni. Akaanguka kama gunia, akaanza kuunguruma, sauti ya mnyama si ya mtu. Mwanamvua akaifuata sauti, akamwongezea la pili la mbavu.

"Njoo tena," akamwambia. "Njoo uninyoe."

Ua ukatawanyika, kila mtu akiogopa polisi. Beatrisi, jirani muuza uji, ndiye peke yake aliyebaki upande wake tangu mwanzo. Alimpokonya mchi, akamfunika kanga kichwani, akachukua kadi chini ya mto, akampakia kwenye pikipiki mpaka stendi, wakaingia gari la Ruangwa. Njiani Mwanamvua alimuuliza Rashidy yuko wapi. Beatrisi akasema atakuja, akamrekebishia kanga kichwani.

Ruangwa walimpokea. Daktari aliuliza kulikoni kichwa kimenyolewa nusu, Mwanamvua akamsimulia yote kwa raha zake, na kwenye benchi la wazee wanaosubiri akasimulia upya. Aliwaambia kwamba fundi huyo hatashika wembe tena, amemfumua uso, na angekuwa anaona vizuri angemmaliza kabisa. Wazee walicheka mpaka wakakohoa. Beatrisi alitoka nje. Kesho yake asubuhi wakampasua jicho la kulia.

Siku iliyofuata muuguzi akambandua bandeji. Mwanga ulimchoma kwanza, kisha ukatulia. Akaona ukuta wa bluu. Akaona vidole vyake mwenyewe vilivyoungua mafuta ya maganda ya korosho, akavicheka kwa kuvisahau. Akamwona Beatrisi, amenenepa. Na kwenye kitanda cha mbele akamwona Rashidy, shavu limevimba, bandeji imemfunika jicho la kushoto.

Damu ikampanda Mwanamvua. Akashuka kitandani bila kumuuliza mtu, akasimama mbele ya mwanawe.

"Nani kakufanya hivi? Nitajie jina lake."

Rashidy akainamisha kichwa. Beatrisi ndiye aliyesema, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kusema. Alimweleza kwamba maneno yale ya chooni yalimwingia Rashidy, akamwachia mama yake, akamrukia Harithi, akamsokota mkono mpaka wembe ukamtoka, akambamiza kwenye mabati. Harithi alikuwa ameshatoroka na wenzake wanamfuata. Hospitali ya kwao ilimhamishia Rashidy huku kwa madaktari hawa hawa, lakini jicho lilikuwa limepasuka lote. Walilitoa jana mchana, katika chumba kile kile walimompasua yeye asubuhi.

"Nilikuwa nakuja kukuinua, mama," Rashidy akasema.

Mwanamvua alimtazama. Miaka mitatu alikuwa hajauona uso ule, na sasa aliuona wote, na uvimbe wake, na mahali mchi ulipoingia. Akakaa sakafuni, akalia kilio cha msibani, wagonjwa wakageuza vichwa.

Muuguzi akaja mbio kumgombeza. Jicho bado bichi, bibi, akamwambia, ukilia utaliharibu.

Rashidy akashuka kitandani akishika mbavu, akakaa naye pale chini, akachukua ncha ya kanga yake akawa anamfuta machozi taratibu, asiliguse jicho. Alikuwa anakosea mahali, maana bado hajazoea kuona kwa jicho moja. Na kila mkono wake ulipopita kando, Mwanamvua aliuona, akazidi kulia.