Paa la Kulaza Mvua

Jumatatu ya kwanza ya Agosti mwaka wa 1931, saa nne asubuhi, Alfayo Okoth alikuwa kwenye dari ya kiwanda akigeuza majani ya chai yaliyotandazwa yanyauke, karani Naftaly alipopanda ngazi kumwambia anaitwa ofisini. Alfayo alijipangusa mikono akashuka. Alijua anaitiwa nini, maana shamba zima lilijua. Wiki ile Wazungu wa Kericho walikuwa na sherehe zao za kila mwaka, na mvua ya Kericho, ambayo mwezi wa Agosti hufika saa nane mchana bila kukosa, ilikuwa imewaharibia sherehe miaka mitatu mfululizo.

Sherehe zenyewe ziliitwa samaa, yaani kiangazi kwa Kiingereza chao. Naftaly, aliyesoma misheni huko kwao Kiambu, aliwahi kuwaeleza wenzake kwamba Ulaya Agosti ni mwezi wa jua, na watu wa mijini hutoka kutazama michezo ya kuigiza bustanini, kusikiliza bendi na kuonyeshana picha na maua. Kwamba huku Agosti ni mwezi wa matope na mvua ya mawe halikuwa jambo la kumzuia mtu. Kalenda ilikuwa yao, nao waliifuata.

Meneja wa shamba, ambaye watu walimwita Bwana Soksi kwa ajili ya soksi zake ndefu, hakuuliza kama mvua inaweza kuhamishwa. Aliuliza kazi hiyo inachukua muda gani. Mke wake angeigiza mchezo Alhamisi katika bustani ya klabu, na gauni lake lilikuwa limetoka kwao kwa meli.

Marehemu baba yake Alfayo alikuwa jakoth, mtu wa mvua, kule chini karibu na ziwa, na alikuwa amemwachia mwanawe chungu kidogo na mawe mawili laini ya mtoni. Alfayo alikuwa amebatizwa na kila Jumapili alikaa benchi la tatu kutoka mbele, kwa hiyo chungu kilikaa chini ya kitanda. Mwinjilisti alimkemea mara kwa mara kwa ajili ya chungu hicho, isipokuwa mwaka alipomwoza binti yake.

Alfayo alieleza masharti, na Naftaly akatafsiri. Mvua haitupwi. Ukiiondoa mahali, lazima uipe pengine pa kulala, na hapo pa kulala pawe paa la yule anayeomba, lake mwenyewe, si la jirani. Sharti hilo ndilo lililowazuia watu wa kwao kuichezea mvua. Mtu alikuja na kondoo wake, akaambiwa sharti, akafikiria kitanda chake na ghala lake, na mara nyingi alirudi na kondoo, harusi ikanyeshewa. Alfayo hakuwa na shaka kwamba Bwana Soksi naye angefikiria nyumba yake kubwa ya mlimani, yenye piano na mazulia, kisha amrudishe kiwandani.

Bwana Soksi hakufikiria hata kidogo. Alinyoosha kiko chake dirishani, akaonyesha vibanda vya nyasi vya wafanyakazi, vilivyopangwa safu mbili chini ya mikaratusi.

"Ile laini yote yangu," akasema. "Wewe peleka mvua huko."

Alfayo alimgeukia Naftaly, akamwambia kwamba kule kunakaa watu. Naftaly alilitafsiri hilo pia, kwa sauti ya chini. Bwana Soksi akajibu kwamba hakuna anayewafukuza, waendelee kukaa.

"Ni kweli nyumba ni za kampuni, Alfayo, na hapa kampuni ni yeye," Naftaly akasema. "Iko kwa karatasi. Mimi ndiyo niliandika."

Kisha likaja la nyumba ya mabati. Mwanzo wa laini, upande wa kiwanda, kulikuwa na nyumba moja ya matofali iliyoezekwa mabati, tupu tangu fundi mitambo aondoke. Alfayo alikuwa ameiomba mara tatu. Mkewe Aoko alikuwa amezika watoto wawili kutoka kile kibanda kinachovuja, wote wamekufa kwa kifua, na sasa alikuwa na mimba ya siku zozote. Bwana Soksi alisema nyumba itakuwa yake Jumatatu ijayo, samaa ikiisha vizuri. Alfayo alijiambia kwamba wiki moja si mwaka. Alijiambia pia, na hili ndilo lililomtuliza, kwamba mvua ya baba yake haikuwa mjinga. Ingefika, ingetazama, ingeona ni nani anayelala chini ya zile nyasi, na ingekataa.

Saa saba alichota maji, akayatia chunguni nyuma ya kiwanda, akayazamisha mawe mawili, akasema jina la anayeomba na mahali pa kulala. Saa nane mvua ilitokea upande wa Mau kama siku zote. Ilisimama juu ya bonde kwa muda wa kumaliza sigara, kisha ikageuka na kushuka yote juu ya laini. Nje ya mikaratusi palibaki vumbi. Jerusa, mama mtu mzima aliyekaa kibanda cha pili kutoka kwa Alfayo, alikuwa ameenda kuokota kuni mpakani. Alirudi bega la kulia limelowa na la kushoto kavu, akaanika kanga yake upande wa jua.

Hivyo watu wa laini walipata kujua, kwa ushahidi wa mvua yenyewe, kwamba nyumba hazikuwa zao. Wengine walikuwa wameishi humo miaka minane, wamepanda sukuma mlangoni na kukandika kuta upya kila Krismasi. Mogaka, nyapara wao aliyetoka Kisii, alisema afadhali sasa mtu anajua. Akaanza kuinua magunia ya unga kutoka sakafuni.

Mvua ya mji mzima ilikuwa imepewa safu mbili za vibanda tu, basi ilikuwa nzito. Jioni, wakati ambao kwa kawaida huondoka, haikuondoka, kwa kuwa haikuwa na pengine pa kwenda. Ilinyesha usiku kucha, na Jumanne alfajiri Aoko akajifungua ndani yake. Jerusa ndiye aliyemzalisha. Alikuwa mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti. Kwa desturi ya kwao mama wa mtoto wa kiume hukaa ndani siku nne, na ya nne hutoka na mtoto mlangoni watu wamwone. Aoko alilala upande wa ukuta usiovuja sana, na Alfayo akashika ungo juu yao hadi king'ora cha kiwanda kilipolia.

"Umeiweka wewe," Aoko akamwambia. Hakuwa anauliza.

Alfayo alimweleza habari ya nyumba ya mabati, jinsi watakavyohamia Jumatatu, jinsi sakafu yake ilivyo ya saruji. Aoko alisikiliza yote. Kisha akamwambia asogeze ungo, maji yalikuwa yakimdondokea mtoto kichwani.

Jumatano ilikuwa siku ya ngoma. Kila shamba lilitakiwa kuleta wachezaji wake kwenye uwanja wa klabu, na watu wa laini walitangulia kufika wote, hata wasioitwa, hata wagonjwa, wakiwa na blanketi zao. Walizitandaza kwenye uzio zikauke. Walicheza zaidi ya muda waliopewa, na walipoambiwa basi, wakaomba kuendelea. Memsahibu mmoja wa jopo la waamuzi aliandika kwamba katika miaka yake yote hajaona wenyeji wakiupenda mchezo kiasi kile. Walipewa kikombe. Mogaka alikibeba mpaka laini, na kwa kuwa kilikuwa kikubwa, kikawekwa kukinga maji.

Alhamisi asubuhi mtoto aliacha kulia akaanza kukoroma kifuani. Alfayo aliijua sauti hiyo, alikuwa ameisikia mara mbili. Alitoa chungu, akapiga magoti kwenye matope, akaomba yeye mwenyewe, kwa jina lake, mvua iondoke laini. Mvua ilipunguza kasi, ikasubiri aitajie paa. Alfayo akafikiria. Kibanda alichokuwa akilala kilikuwa cha kampuni. Nyumba aliyoijenga kwao karibu na ziwa ilikuwa imeanguka mwaka wa tatu wa kukaa kwake Kericho. Nduguye alimwandikia barua kwamba mchwa wamemaliza nguzo, naye hakupata ruhusa ya kwenda kuitengeneza. Alipiga magoti pale kwa kitambo akijaribu kukumbuka paa lolote duniani ambalo ni lake. Mvua ilimsubiri kwa heshima, kisha ikaendelea.

Basi ilibaki Bwana Soksi, aliyeiomba, aiondoe mwenyewe. Alfayo alikwenda mbio hadi klabu. Askari wa langoni alimwambia mchezo umeanza na hakuna kuita mtu mpaka uishe, akamsimamisha nyuma ya ua wa maua. Hapo alimkuta Orina, mtu wa shamba lao, ameshika sinia kubwa la bati lenye maharage makavu. Orina alimweleza kwamba kazi yake ni mvua. Mzungu mmoja akimpungia kitambaa, anatikisa sinia polepole. Akipungiwa viwili, anatikisa kwa nguvu.

Mke wa Bwana Soksi alikuwa mwanamke maskini aliyefukuzwa nyumbani na mtoto mchanga. Alizunguka jukwaani akigonga milango iliyochorwa kwenye vitambaa, na milango haikufunguliwa. Orina alipungiwa viwili. Yule mama akaketi chini, akamfunika mtoto kwa shali yake, akasema maneno mengi ya huzuni, na mtoto, ambaye alikuwa mdoli, akafa. Jua lilikuwa linawaka vizuri kabisa. Wazungu walilia. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alipenga kamasi mara tatu, na Bwana Soksi, aliyekuwa karibu naye, alipiga makofi huku machozi yakimtiririka mpaka kwenye masharubu.

Alfayo alimfikia akiwa bado anajifuta macho.

"Bwana, ambia mvua itoke laini. Mtoto yangu anakufa."

Bwana Soksi alimsikiliza kwa upole, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umelainika. Akasema pole sana. Akasema Jumapili kuna maua, na maua hapana weza kunyeshewa, na Jumapili jioni ataiambia mvua iende, kama walivyopatana. Akamwambia mama ampe mtoto maziwa ya moto. Kisha watu wakamzunguka kumpongeza kwa ajili ya mke wake, na Alfayo akajikuta amesimama nyuma ya migongo yao.

Mtoto alikufa Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Ilikuwa siku ya nne, kwa hiyo Aoko alitoka naye mlangoni siku ileile aliyokuwa atoke naye. Watu wa laini walikuja wakamwona. Mogaka alichimba kaburi nyuma ya vibanda na ilibidi alikaushe kwa debe mara mbili kabla ya kumshusha. Aoko hakulia kwa sauti. Alfayo alilia, na kwenye mvua ile hakuna aliyeweza kumtofautisha na wengine.

Bwana Soksi alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Jumapili jioni, maua yalipokwisha kupewa zawadi, alisimama barazani akaiambia mvua inaweza kwenda, nayo ikatawanyika juu ya milima kama kawaida. Jumatatu Naftaly alileta ufunguo. Gazeti la Nairobi liliandika kwamba Kericho imekuwa na samaa ya kufana, na hali ya hewa kama ya nyumbani.

Mwaka uliofuata Naftaly alikuja mwezi wa Julai. Safari hii mashamba mawili ya jirani yalikuwa yamejiunga, na samaa ingekuwa ya wiki mbili. Alfayo aliuliza mvua italala wapi. Naftaly akatazama chini, akasema palepale. Akaongeza kwamba nyumba ya mabati imeandikwa kuwa ya mtu wa mvua, na asiyeifanya kazi hiyo atarudi kwenye nyasi. Alfayo alikaa na neno hilo siku mbili. Siku ya tatu akatoa chungu.

Saa nane mvua ilisimama juu ya bonde, ikageuka, ikashuka. Iliyapiga mabati kwa kishindo, lakini ndani hapakudondoka hata tone. Alfayo alitoka mlangoni akamwita Jerusa, aje na wajukuu wake wakae pakavu. Jerusa, aliyekuwa akihamisha jiko lake kutoka kona moja hadi nyingine, alimjibu kwa adabu kwamba wako sawa, asante. Aliwaita wengine wawili, nao wakamjibu hivyohivyo.

Aoko alimsikia akiwaita. Kwa mwaka mzima alikuwa amempikia, amemfulia na kumsalimia, na habari ya mvua hakuitaja hata siku moja. Alichukua kigoda, akampita mumewe mlangoni, akavuka uwanja bila kujifunika kichwa, akainama akaingia kwa Jerusa. Alfayo alimwita kwa jina mara mbili. Jerusa akamsogezea nafasi karibu na jiko, na Aoko akakaa huko wiki zote mbili.