Imepoa, Shemeji?

Mkwe wangu ni fundi saa, na fundi saa akishazoea kufungua vitu vidogo hudhani hata vikubwa vitamtii. Siku ile nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma cha gari lake, uani, mlango wazi, nahema kama niliyepanda ngazi za ghorofa tano, naye ananiambia, "Bado kidogo tu, mama. Saa au gari, zote ni mashine."

"Saa ikiharibika mtu anachelewa," nikamjibu. "Hili likiharibika mimi nazikwa."

Akacheka. Sikuwa nafanya mzaha. Figo zangu zilishakufa, damu yangu husafishwa kwa mashine hospitali, na zamu iliyotangulia niliikosa kwa sababu mafuta yaliadimika mji mzima na magari hayakutembea. Miguu ilikuwa imevimba, kifua kimejaa. Nesi alinipigia simu, hakuzungukazunguka: ukikosa na ya leo, mama, hatukuoni tena. Nisipofika kabla ya adhuhuri, mashine anapewa mwingine.

Petroli mkwe wangu alikuwa ameipata, sijui alilala foleni gani. Ila asubuhi tulikuta kidimbwi cha kijani chini ya gari. Rejeta inavuja. Akaingia chini, akatoka, akasema ni mpira wa chini tu, umepasuka mwishoni pale unapobanwa. Akachukua kisu cha jikoni cha binti yangu, binti akasonya, yeye akakata ile ncha mbovu, akauchomeka mpira upya, akakaza kibano kwa bisibisi. Akajaza ile dawa ya kijani ya kupoza injini, akawasha. Injini ikanguruma vizuri, nami nikaanza kumshukuru Mungu. Loo! Mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu. Hewa imenasa ndani, akasema. Tuzime, ipoe, nifungue kifuniko cha rejeta niongeze maji, twende.

Sasa, nina mtoto wa kiume. Tunamwita Kasuku, na sina haja ya kueleza kwa nini.

"Shemeji," mkwe wangu akamwambia, "kazi yako moja tu. Shika huu mpira wa juu. Ukiona unashikika bila kukuunguza, niambie imepoa." Kisha akarudi chini ya gari kuangalia kama kibano bado kinavuja.

Kazi moja kwa Kasuku ni nyingi. Kinyozi wa nyumba ya jirani alikuwa anatoa pikipiki yake, akamwona Kasuku kwa juu ya ukuta, akampigia kelele, "Vipi huko?"

"Poa!" mwanangu akaitikia, na furaha zake zote. "Poa kabisa!"

Basi. Neno tunalolitapika kutwa nzima, hata mwenye njaa analisema. Mkwe wangu kule chini akasikia alichokuwa anasubiri kusikia. Boneti ilikuwa imeinuliwa, mimi sikuona kitu. Nilimsikia akitambaa kutoka, nikamsikia akisema, "Haya, afadhali." Kisha kitu kikafoka, halafu akapiga yowe yeye. Nimezaa, nimezika mume, na sauti kama ile sikuwahi kuisikia.

Binti yangu akamwagia mumewe ndoo ya maji usoni, akaenda kuchota nyingine. Kasuku kasimama mikono kichwani, anasema, "Nilikuwa namjibu kinyozi, nilikuwa namjibu kinyozi." Nikamwambia afunge domo lake akatafute gari. Akakimbia, akarudi mikono mitupu. Magari yote yamelala kwenye foleni za mafuta. Gari la wagonjwa tulilipigia simu, wakatuambia tusubiri. Nadhani mpaka leo wanataka tuendelee kusubiri.

Ikabaki pikipiki ya kinyozi. Mimi peke yangu siwezi kujishikilia. Lazima binti akae nyuma yangu anikumbatie. Tukishakaa hivyo, nafasi ya mtu mwingine hakuna.

"Mpeleke mumeo," nikamwambia.

Mkwe wangu alikuwa amekaa chini, ameegemea gurudumu, taulo bichi usoni. "Mama kwanza," akasema.

"Wewe nyamaza! Macho yako ndiyo kazi yako. Mimi nimeshaishi."

"Mimi nimeungua tu, mama, sifi. Wewe utakufa." Kisha akamwambia mkewe, taratibu, "Mchukue mama yako."

Binti yangu akamtazama, akanitazama mimi. Akaniingiza mikono kwapani, akanibeba kama gunia mpaka kwenye pikipiki. Nilimtukana njia nzima. Machozi yake yalikuwa yananilowesha shingo.

Tulifika hospitali kabla ya adhuhuri. Kinyozi alipogeuza kwenda kumfuata mkwe wangu, pikipiki ikamzimikia njiani, tangi kavu. Kasuku ndiye aliyemleta shemeji yake, kwa miguu, kamshika mkono. Walifika jua linazama. Daktari akasema ile dawa ilikaa machoni muda mrefu mno, na macho yote mawili yamekwenda. Mimi damu yangu ilikuwa imeshasafishwa. Nilikuwa napumua vizuri, na kabla hawajafika nilikuwa nimelala usingizi mtamu, Mungu anisamehe.

Zamu nyingine ilipofika nikasema siendi. Nikageukia ukuta. Binti akalia, akaomba, akachoka. Kasuku kasimama mlangoni, kimya. Siku hizi ukimsalimia anainamisha kichwa tu.

Ndipo nikasikia mkono unapapasa ukuta. Mkwe wangu, ambaye kwa heshima hajawahi hata siku moja kukanyaga chumbani kwangu, akaingia na bandeji zake, akajigonga kwenye meza, akaukuta ukingo wa kitanda, akakaa.

"Mama," akasema, "usipokwenda, nitakuwa nimepofuka bure."

Hakulisema kwa hasira. Afadhali angekasirika, ningepata la kumjibu. Nikajiinua, nikamwita binti yangu anishike mkono, nikaenda.