Meza ya Uratibu

Karani wa Ofisi ya Uratibu wa Haki na Kuzuia Ukatili alikuwa akilisukuma faili la fundi cherehani kutoka kwa mkuu wa polisi kwenda kwa mwendesha mashtaka, meza ikarefuka. Ililia kama kitanda kikuukuu, kisha ikatulia. Hatua mbili.

"Hilo si letu," mkuu wa polisi alikuwa ametoka kusema.

Meza ya ofisi hiyo hurefuka kila mjumbe anaposema hivyo. Ndiyo maana vikao vya Alhamisi vina vipaza sauti, na mama wa chai amepewa baiskeli.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Kesho saa mbili asubuhi mume wa fundi alikuwa anatoka jela, na alishatuma salamu kwamba akifika atamalizia alichoanza. Alichoanza kilionekana shavuni mwa mkewe: nyuzi kumi na moja, kazi ambayo fundi aliiona ya kizembe. Amri ya kumzuia mume asikanyage kwa mkewe ilitaka sahihi nne za wajumbe. Kanuni ilitaka faili lisitoke mezani, na mjumbe asiinuke kikao kikiendelea.

"Sisi tunakamata," alisema mkuu wa polisi. "Kuzuia ni kwa ustawi wa jamii."

"Ustawi tunashauri," alijibu bibi ustawi. "Tulishamshauri avumilie. Hilo si letu."

Bwana jela alisema kazi yake ni kufunga na kufungua, na kesho ni zamu ya kufungua.

Kufikia saa nane meza ilikuwa imetoboa ukuta, ikapita maegesho na kuvuka barabara. Magari yalizunguka. Mwendesha mashtaka alionekana ng'ambo, mbele ya duka la viatu, akipunga kalamu. Karani alilivuta faili juu ya meza huku akitembea, fundi nyuma yake. Kila walipobakiza hatua chache, kipaza sauti kilikohoa na mtu akasema tena si lao.

"Bwana karani, bado mbali?"

"Tulipoanza palikuwa karibu, dada."

"Na huyo bwana jela, hawezi kuchelewa kufungua japo siku moja?"

"Yule? Ndiye pekee anayefuata saa."

Fundi alicheka upande mmoja wa mdomo, kwa sababu ya nyuzi.

Saa kumi na nusu mratibu alifunga kikao, akawashukuru wajumbe kwa ushirikiano wao wa karibu. Wakaondoka, kila mmoja kwa mtaa wake. Faili lilikuwa na sahihi moja, ya mratibu, kuthibitisha kwamba faili lipo.

Karani aliliacha hapohapo, katikati ya barabara, akavua kiatu cha kulia na kuliwekea juu lisipeperuke.

"Utalala wapi, dada?"

"Nyumbani anapajua." Fundi aliinama, akatandika kitambaa chini ya meza. "Hapa pananitosha. Nafasi mnayo."

Karani alipima kwa macho. Kweli, ilikuwepo.

"Ofisi hufunguliwa saa mbili na nusu," alisema. "Tutaendelea tulipoishia."

"Wahi kidogo, kaka." Fundi alitoa mkasi wake mkubwa mkobani, akaulaza karibu na mkono. "Yeye hutembea haraka."

Karani aliitikia kwa kichwa, akaelekea kwao na kiatu kimoja.