Mashine Iliyopunja

"Baba, hii maiti mlikuwa mnaiwekea dripu tu," fundi alisema, akiinua bodi ya umeme iliyoungua kutoka kwenye sanduku la kuongozea mashine. "Tazama. Hapa palishachemka zamani."

Mzee Milimita alivaa miwani akatazama. Hakuona kitu ila unga wa mbao na doa jeusi, lakini akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Alikuwa amechoka. Siku ya tatu hii mashine imelala mezani matumbo nje, waya za rangi zote zimetapakaa mpaka kwenye kiti chake cha kunywea chai, na kazi yake yeye ni kushika tochi. Akisimama magoti yanamuuma, akikaa kiuno kinamuuma. Umri huo mtu hapumziki, anabadilisha maumivu tu.

"Usinune, baba. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo gani? Hili lilikuwa karakana nzima."

Yule fundi binti akacheka, akaendelea kukata waya.

Ilikuwa mashine ndogo ya kuchonga mbao, ya kukaa mezani. Mota tatu zinapeleka kisu huku na huku, juu na chini, kikifuata mchoro uliomo kwenye kompyuta. Aliinunua mtumba kwa mtu aliyekuwa anafunga duka, nayo ndiyo iliyompa jina. Vibao vyake vya milangoni vilikaa kwenye fremu bila kuachia hata nafasi ya karatasi, visanduku vyake vilifunga kimya, na mtaa mzima ukamwita Milimita. Jina tamu hilo. Nani angelikataa?

Basi sikia lilivyopatikana. Zamani hapo karakanani walikuwa wawili, yeye na mdogo wake, tumbo moja. Mdogo alikuwa anachora, kaka anachonga. Mashine ilipokuja, oda yao kubwa ya kwanza ilikuwa visanduku arobaini vya sonara. Miili ya visanduku waliikata kwa msumeno wa mkono, vifuniko wakaiachia mashine. Mdogo akachora, mashine ikachonga, na vifuniko vyote arobaini vikapwaya. Sonara mwenyewe alikuwa amesimama palepale, anatumbukiza kimoja baada ya kingine na kuguna. Kaka mtu aibu ikamchoma. Akasema mbele ya mteja, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Mashine haikosei! Ni wewe usiyejua kupima. Mtu mzima, futi inakushinda!"

Mdogo aliiweka futi mezani, akavua aproni, akatoka. Alijaribu kwa maseremala wengine, lakini kila ubao aliupima mara nne, mara tano, kisha akasimama na penseli mkononi akiogopa kuweka alama, mpaka wakamchoka. Akauza na randa zake. Sasa ni mlinzi wa ghala la saruji. Msibani kwa mama yao ndugu hao walipeana mkono kama watu waliokutana kwenye foleni.

Na mashine je? Ndiyo iliyokuwa inapunja. Ukiiambia ikate milimita mia, inakata tisini na tisa. Kwa kifuniko cha sentimita ishirini hiyo ni milimita mbili nzima, kwa nini kisipwaye? Milimita aligundua mwezi wa tatu baada ya mdogo wake kuondoka, akiwa peke yake na futi ileile. Lo! Alikaa chini. Halafu akaanza kuongeza. Kila mchoro aliunenepesha, milimita moja kwa kila mia, mwingine kwa hesabu, mwingine kwa jicho tu. Kazi ikatoka safi, sifa zikaja, naye akaufunga mdomo. Alijiambia ataenda kwa mdogo wake Jumapili. Jumapili ikapita, na nyingine, na kila alivyochelewa ndivyo safari ilivyozidi kuwa ngumu. Miaka tisa hiyo.

Saa nane mchana fundi alichomeka bodi mpya, ndogo kama kiganja cha mtoto. Mashine ikanguruma kidogo, ikatulia. Akaweka rula chini ya kisu, akaiamuru iende milimita mia.

"Mia kamili, baba."

"Una hakika?"

"Si futi unayo? Jipimie."

Alijipimia. Mia. Akapima tena, na furaha haikuja.

Fundi akafungua mchoro wa karibuni, kibao cha mlango, akachonga. Kikagoma kuingia kwenye fremu. Akachonga kingine, nacho kikazidi. Alikuwa kijana lakini si mjinga. Aliisogeza miwani ya kazi juu ya nywele, akamgeukia.

"Michoro hii yote imenenepeshwa. Nani alifanya?"

"Mimi. Bodi ya zamani ilikuwa inapunja."

"Kumbe ulijua! Na hukuita fundi?"

Milimita akaokota kipande cha mbao sakafuni, akakitazama kama kina maandishi.

"Basi usijali," alisema binti. "Naiandikia hesabu mbovu hiyohiyo, bodi mpya ipunje kama ile ya zamani. Dakika mbili tu. Michoro yako mia tatu na kitu haiguswi, na kesho unafungua kazi kama kawaida. Nani atajua?"

Mdomo wa Milimita ulishafunguka kusema "haya". Aliutamani huo urahisi, tuseme kweli. Mtu amechoka, anaambiwa hakuna wa kujua, kazi inaendelea. Angesema "haya" tu na ingekwisha.

"Ngoja," alisema. "Shuka chini kabisa kwenye orodha. Kuna mchoro wa kifuniko."

"Huu? Mbona una miaka tisa?"

"Kata huo."

Kisu kilizunguka kwa dakika kumi na mbili. Milimita alienda kwenye rafu, akateremsha kimoja kati ya vile visanduku alivyovikataa sonara, alichokuwa anawekea skrubu, akazimwaga skrubu mezani. Kifuniko kilipotoka alikipangusa kwa shati lake, akakiweka juu ya sanduku, akaachia. Kikashuka polepole chenyewe, hewa ikitoka pembeni, kikakaa.

"Jamani!" fundi alisema. "Aliyechora hiki ana mkono. Yuko wapi huyu?"

Milimita alikuwa analia. Hakuficha, hakuwa na nguvu hizo.

"Usiiandikie hesabu mbovu," alisema baadaye. "Iache hivyohivyo."

"Na michoro mia tatu?"

"Nitaichora upya."

"Na magoti hayo?"

"Kwani nachora kwa magoti?"

Jioni hiyo alitembea mpaka ghalani, sanduku likiwa kwenye mfuko wa karatasi. Mdogo wake alikuwa kwenye kibanda cha geti, sare imempwaya mabegani, daftari la namba za magari mapajani. Alipomwona alisimama.

"Shikamoo, kaka. Kuna mgonjwa?"

"Marahaba. Hakuna mgonjwa."

Akampa sanduku. Mdogo mtu akalifungua, akalifunga, akapitisha kidole gumba ukingoni, pande zote nne.

"Umekichora vizuri," alisema.

"Sikuchora mimi. Ni mchoro wako uleule, sikugusa hata mstari. Mashine ndiyo iliyokuwa inapunja. Wewe ulipima sawa. Vyote arobaini, ulipima sawa."

Mdogo hakuinua uso. Kidole kikaendelea kuzunguka ukingo wa kifuniko.

"Umejua lini?"

Angeweza kusema leo. Fundi angekuwa shahidi wake, na neno lenyewe ni jepesi mdomoni.

"Mwezi wa tatu."

"Mwezi wa tatu huu uliopita?"

"Hapana, mdogo wangu. Mwezi wa tatu tangu uondoke, mwaka uleule."

Nje lori likapiga honi. Mdogo mtu alibana sanduku kwapani, akaandika namba daftarini, namba moja moja, kisha akaenda kuvuta geti. Lori likapita katikati yao na mzigo wake, vumbi likanyanyuka, na Milimita akafunga macho. Alipofumbua, mdogo wake alikuwa bado amempa mgongo, ameshika geti, sanduku liko kwapani. Hakusema toka. Hakusema kaa. Lori lilikuwa limeshafika mwisho wa yadi na kuzima injini, na geti bado liko wazi.