Bomba Ndani ya Mkono Wangu

Kioo cha dirisha kilinikata kwenye kifundo cha mkono wa kulia, vidole vitatu vikafa ganzi. Mimi ni fundi cherehani. Siku moja sindano ilinipenya ukuchani, nikajua tu nilipoona damu kwenye kola ya shati la mteja. Mwanangu akasema, "Mama, basi. Vidole visipopona, ushonaji ndio umekwisha."

Daktari mmoja binti akanipasua, akaunga mshipa wa fahamu uliokatika kwa kijibomba chembamba kama utambi wa taa. Alisema kinapitisha umeme kidogo, ndio unaousukuma mshipa ukue humo ndani, na kazi ikiisha bomba linayeyuka lenyewe mwilini. Wifi yangu akadakia, "Umeme? Basi nyumbani tutakuchomeka ukutani!"

Miezi ikapita, na jana tulirudi na wifi kupimwa. Daktari alinifunga macho kwa kitambaa, akashika uzi mgumu kama unywele wa brashi.

"Bibi, nikikugusa sema."

"Nasikia," nikasema. "Hapo tena. Na hapo."

"Bibi, sijakugusa bado."

Wifi akaangua kicheko. "Huyu! Ukimpa chai ya chumvi atakwambia tamu!"

Ni kweli. Binti wa watu kanihangaikia vile, nimwambie sisikii kitu?

"Bibi yangu, heshima yako iache mlangoni," daktari akasema. "Ukinidanganya sitajua kama bomba limefanya kazi."

"Akirudia namfinya," wifi akasema.

Tukaanza upya. Nikabana midomo. Hakuna kitu. Hakuna kitu. Ndiyo basi tena?

Mara kitu kikanitambaa kama sisimizi. Nikanyamaza, nisije nikajidanganya. Kikatambaa tena.

"Kidole cha shahada! Pembeni, karibu na ukucha! Wifi, ni wewe?"

"Mie niko huku dirishani!"

"Na sasa, bibi?" Sauti ya daktari ilikuwa imepanda.

"Cha kati! Nchani! Kinanisisimka!"

"Na kwenye gumba?"

"Huko hamna kitu, mwanangu. Sikudanganyi."

Daktari akapiga makofi, nadhani hilo "hamna" ndilo lililomfurahisha zaidi. "Mshipa umefika vidole viwili! Gumba liko njiani. Utashona, bibi, utashona!"

Wifi alipiga vigelegele mpaka muuguzi akaja mbio kutunyamazisha. Nikavua kitambaa, nikamnyooshea mkono.

"Usitugombeze kwanza, mama. Niguse. Hapa na hapa, hata kidogo tu!"